Ugumu wa Hiari



Tangu tuweke zile picha za kambi ya kisiwani, maswali yamekuwa mengi na karibu yote ni ya aina moja: mlichanga shilingi ngapi, boti mlikodi wapi, na sisi tunawezaje kuja. Nitayagusa huko mbele. Ila kwanza nina swali langu mwenyewe, na ninaliandika hapa kwa sababu limenikaa kooni. Mtu anapoacha kitanda chake kwa hiari, akaenda kulala chini mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba, jirani na watu ambao hulala hivyo kila siku kwa sababu hawana namna nyingine, je, anasali au anaigiza?

Msiniambie haraka kwamba anasali. Natamani sana jibu liwe hilo, na ndiyo maana siliamini upesi.

Wengine mkisikia neno kambi mnafikiria mabweni ya sekondari, wali maharage na spika ya kwaya. Hii haikuwa hivyo. Tulikuwa vijana 14, Frateri na Sista, tukalala usiku 3 kwenye mahema katika kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, upande wa Ukerewe, wilaya ambayo ni visiwa vitupu. Jina la kisiwa silitaji, kwa makusudi. Pale hakuna kijiji, hakuna duka, na choo ni shimo mtakalochimba wenyewe. Kuni hatukukata, maana miti ya kisiwa kidogo inahesabika, kwa hiyo tulibeba mkaa. Chakula kilikuwa unga, maharage, mafuta, chumvi na vitunguu. Basi.

Kufika tu ni somo. Unatoka Mwanza kwa meli hadi Nansio, halafu unakodi boti ya injini. Nahodha wetu alikuwa kijana tu, labda miaka 25, lakini pale mwaloni hakuna aliyembishia. Tulifika mchana mizigo ikiwa tayari, akayatazama mawimbi, akasema: kesho asubuhi. Mmoja wetu akaanza kumweleza kuhusu ratiba. Nahodha akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akarudia: kesho asubuhi. Watu wa Ukerewe hawana mzaha na maji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa huku nchi kavu ikionekana kwa macho. Ukiwa Nansio jambo hilo halihitaji kusimuliwa. Unaliona kwenye uso wa mtu anapokukabidhi jaketi la kujiokolea na kukuangalia mpaka umelifunga.

Tukalala parokiani. Nikiri kwamba sala yangu ya kwanza ya kweli katika mafungo yale niliisali kwenye benchi la nje la parokia hiyo, ratiba ikiwa imeshakufa, upepo ukipiga migomba. Nilikuwa sina la kufanya isipokuwa kungoja ruhusa ya kitu nisichoweza kukiamuru.

Kisiwani kazi kubwa ni maji. Ziwa lote liko mbele yako, lakini huwezi kuinama ukanywa. Unachota, unachemsha, unaacha yapoe, unachota tena. Ya kuoga nayo tuliyachemsha, kwa sababu kichocho hakingoji uyanywe, kinaingia kwa ngozi. Kama saa 4 za mchana zilikuwa zinaishia kwenye sufuria. Dada mmoja, anayefanya kazi benki, aliniambia hajawahi maishani mwake kufahamu ametumia lita ngapi kwa siku mpaka alipozibeba kichwani. Simu zilikusanywa kwenye ndoo yenye mfuniko, na Sista akaifanya ndoo hiyo kuwa kiti chake, jambo lililomaliza mjadala.

Baada ya rozari ya jioni tulinyamaza hadi Masifu ya Asubuhi. Ulikuwa wakati wa mbalamwezi. Maji yalikuwa meupe kama bati jipya, na hapakuwa na taa hata moja ziwani. Nalitaja hili kwa sababu lina maana katika habari yangu. Siku za giza, ziwa lile usiku huwaka taa kama mji mzima. Ni wavuvi wa dagaa, wanaowavuta samaki kwa mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi hurudi makwao kupumzika na kushona nyavu. Ndivyo tulivyopata ule ufukwe. Mwenyekiti wa kijiji cha kisiwa cha jirani alituambia wazi: hapo ni kambi ya wavuvi, ila wiki hii hawapo, kaeni. Ule mchanga safi uliosawazishwa vizuri, tuliosimika mahema yetu juu yake, ndio wanaoanikia dagaa.

Sasa nirudi kwenye swali. Siku ya pili, kwenye kushirikishana, Frateri aliuliza kila mtu amekuja kutafuta nini. Wengi walisema, kila mmoja kwa maneno yake: kuonja maisha ya maskini.

Mimi jibu hilo silikubali, na nilisema hivyo palepale. Tulikuwa na boti iliyolipiwa kuja kutuchukua Jumapili. Tulikuwa na sanduku la dawa na kadi za bima. Kila mmoja alikuwa na mama au mke au kaka aliyejua tuko wapi na angepiga kelele tusiporudi. Umaskini hauna siku ya boti. Mtu anayefunga Jumatano ya Majivu anajua atakula saa ngapi. Mwenye njaa hana saa, na huo ndio uchungu wenyewe wa njaa, zaidi ya tumbo. Kanisa lenyewe halichanganyi mambo haya mawili. Limeweka mfungo kwa watu wazima wenye nguvu, kuanzia miaka 18 hadi wanapotimiza 59, na halijamwagiza mwenye njaa afunge. Kwa hiyo ukilala juu ya mchanga usiku 3 ukasema umeonja umaskini, umejipatia jina la mtu mwingine bila kulipia gharama yake.

Wengine walisema: tumekuja kukaa na Mungu mbali na watu. Hili ni jibu zuri zaidi, na lina Maandiko nyuma yake. Soma Marko sura ya 6. Mitume wamerudi kutoka kazini, wamechoka, watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaita waende faragha wapumzike, wanapanda mashua. Ona kwamba hakuwaambia kupumzika ni uvivu. Aliwapa boti na mahali pasipo watu. Lakini umati ukaona upande wanaoelekea, ukakimbia kwa miguu ukawatangulia, na alipotia mguu nchi kavu, faragha ilikuwa imejaa. Hakugeuza mashua. Hakuwakemea. Aliwahurumia, akawafundisha, na kabla ya usiku akawalisha.

Watu wengi huishia hapo, wakasema: unaona, huduma kwanza, sala baadaye. Endeleeni kusoma kidogo. Akishawalisha, anawatanguliza wanafunzi kwa mashua, anawaaga watu, anapanda mlimani peke yake kusali. Ile faragha hakuifuta. Aliisogeza mpaka usiku. Nimelitafakari hili sana, maana mimi ni mtu ambaye ratiba yangu ya sala ikivurugwa huwa naihesabu imekufa, na kwa siku nzima nakuwa na kisirani.

Usiku wa tatu ulikuja na dhoruba. Ziwa hili lina tabia hiyo: mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu, usiku hugeuka, pepo za pande zote zikakutana juu ya maji yenye joto, na hapo mawingu ya radi hupanda. Saa 9 usiku mahema 2 yalikuwa yamelala. Tulikuwa tumekusanyika chini ya turubai la jikoni, tumelowa, tukishikilia kamba, tuliposikia injini. Boti ndefu ya mbao ikaja ikigonga mawimbi hadi mchangani, wanaume 6 wakaruka majini kuivuta. Walikuwa wavuvi wenyewe wa pale. Mwezi ulishaanza kupungua, wakawa wanarudi kambini mapema wajiandae kwa giza, na dhoruba ikawakuta njiani.

Mmoja wetu alinong'ona, nami nilimsikia: "Sasa mafungo ndiyo yameisha."

Frateri hakusema kitu. Alikuwa ameshapiga magoti akipuliza mkaa. Sista akainuka kutoka kwenye ndoo yake kwa mara ya kwanza tangu tufike, akaanza kutafuta majani ya chai. Kwa saa nzima tulikuwa watu 22 chini ya turubai moja, mabega kwa mabega, vikombe 10 vikizunguka. Tuliwapa mashuka makavu mawili tuliyokuwa nayo. Kusema kweli tulijisikia vizuri. Tulikuwa wenyeji, wao wageni, na mioyoni mwetu nadhani wengi tulikuwa tumeshaanza kuandaa ushuhuda wa kutoa Jumapili.

Kisha mzee wao, mtu wa miaka sitini na kitu hivi, akaangalia mahema, akaangalia sufuria zetu, akaniuliza mimi niliyekuwa karibu naye: "Kwa hiyo mwanangu, nyie mmelipa ili mje mlale hivi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei ya mafuta. Nikamjibu, "Ndiyo baba, tumechanga." Akatikisa kichwa taratibu, akanywa chai. Baadaye akasema kwamba mtoto wake wa mwisho yuko kidato cha tatu, na kwamba anavua ili huyo asije akalala pale. Hapo sikuwa na neno.

Kulipoanza kupambazuka ndipo nilipoelewa vizuri zaidi. Wale wanaume walitembea katikati ya mahema yetu kwa uangalifu kama mtu anayetembea sebuleni kwa mwenzake, na sebule yenyewe ni yao. Mchanga ule waliusawazisha wao. Mawe matatu tuliyopikia waliyapanga wao. Sisi ndio tulikuwa tumekaribishwa usiku kucha, kwa uvumilivu, na watu waliolowa.

Hapa naomba nimlete mtu mmoja aliyefanya jambo kama letu miaka karibu 800 iliyopita. Masimulizi ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, yale yanayojulikana kwa Kiitaliano kama Fioretti, yanaeleza kwamba Kwaresima moja alitaka kwenda kwenye kisiwa kisichokaliwa cha ziwa la Trasimeno, kule Umbria. Alimwomba mtu mmoja aliyekuwa amempa malazi kando ya ziwa amvushe kwa mashua usiku wa kuamkia Jumatano ya Majivu, asimwambie mtu yeyote, kisha aje kumchukua Alhamisi Kuu. Alibeba mikate 2 midogo. Nyumba haikuwepo, akajipenyeza kwenye kichaka cha miiba na miti midogo iliyokuwa imefanya kama kibanda, akakaa humo Kwaresima nzima. Yule mtu aliporudi alikuta mkate mmoja mzima, na mwingine umeliwa nusu.

Zamani nilipoisikia habari hii nilidhani maajabu yake ni mkate mmoja na nusu uliobaki. Siku hizi naona maajabu yako kwenye ile nusu iliyoliwa. Wasimulizi wanasema aliila kwa heshima ya mfungo wa Kristo: Kristo alifunga siku 40 bila kula, na Fransisko hakutaka kulingana naye, hakutaka majivuno yapate mahali pa kuingilia. Yaani angeweza kumaliza, akakataa kumaliza. Aliweka alama kwenye mkate kwamba huyu aliyekuwa hapa si Kristo, na alikula.

Kwangu hilo ndilo linalotenganisha sala na maigizo. Mwigizaji anataka ugumu uonekane kamili. Ndiyo maana kwenye picha huficha sanduku la dawa. Fransisko aliacha ushahidi dhidi yake mwenyewe pale mchangani. Halafu angalia alivyomzuia yule wa mashua asiseme. Haikusaidia sana, maana masimulizi yanaendelea kwamba baadaye watu walianza kujenga kisiwani kwa sababu yake, hadi pakawa na mji mdogo na nyumba ya ndugu. Kile kichaka cha miiba kikapata majirani. Ndiyo sababu jina la kisiwa chetu siliandiki, na mkinitumia ujumbe wa faragha kuuliza sitajibu. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Ni kwamba wale wanaume 6 wanahitaji mahali pa kuanikia dagaa.

Sasa, kuna rafiki yangu katika kikundi ambaye hakwenda, na hoja yake ni nzito kuliko zote. Anasema: mlichanga 45,000 kila mmoja, watu 14, hiyo ni 630,000. Mngeipeleka Caritas ya parokia mkasali nyumbani mkiwa mmezima simu, Mungu yuleyule angewasikia. Wapo waliomjibu kwa habari ya yule mwanamke aliyempaka Yesu marhamu ya thamani, na Yuda aliyelalamika kwamba ingeuzwa wakapewa maskini. Jibu hilo mimi silipendi. Mwinjili Yohane anaeleza kwamba Yuda alikuwa mwizi wa mfuko. Rafiki yangu si mwizi, na kila mwezi anatoa kuliko wengi wetu. Huwezi kumnyamazisha mtu mkweli kwa kumwita Yuda.

Nilimjibu hivi, na sijui kama linatosha. Nyumbani ningezima simu, ndiyo, lakini ningebaki mwenye nyumba. Mgeni anayebisha hodi kwangu anabisha kwenye mlango wangu, na namkaribisha nikiwa na nguvu zote mkononi. Nilihitaji kuketi mahali ambapo nahodha wa miaka 25 ndiye mwenye neno, ambapo sufuria ya maji inakula mchana wangu, ambapo mtu niliyedhani namhudumia ndiye mwenye ardhi niliyokanyaga. Isaya sura ya 58 inaukemea mfungo ambao mtu anauinamisha kichwa kama unyasi huku wafanyakazi wake wanaonewa. Mfungo unaotakiwa pale unaishia kwenye mlango wa mwenye njaa na asiye na makao. Usiku ule wasio na makao tulikuwa sisi, na waliotustahi walikuwa wavuvi. Sidhani ningeliona hilo sebuleni kwetu.

Akanisikiliza, akasema: "Sawa. Lakini hilo limekufaidi wewe. Yule mzee limemfaidi nini?"

Chai, nikasema. Mashuka mawili. Akacheka, nami nikacheka, ila swali lilibaki pale mezani.

Kwa wale mnaouliza kuhusu kambi ijayo: ipo, Mungu akipenda, baada ya Pasaka. Tumeshampigia mwenyekiti wa kijiji. Safari hii mchango utakuwa ni ule ule, 45,000, lakini chakula kimepunguzwa, nyama tuliyokuwa tumeipanga kwa Jumapili imefutwa, na kinachobaki kitawekwa kwenye mfuko ambao rafiki yangu ameteuliwa kuushika, apende asipende, kwa ajili ya ada za watoto wa pale mwaloni. Yeye anasema bado ni kidogo mno na kwamba atakuja kisiwani ili azidi kutuambia hivyo ana kwa ana.

Tarehe haijapangwa. Wavuvi wamesema kama tunataka ufukwe mtupu tuje mbalamwezi, na kama tunataka kuwaona wao tuje giza, ila hapo mahema tuyasogeze kwenye mawe, tena wakati wa kuanika mikono yetu itahitajika. Kura zimegawanyika katikati. Nusu wanasema kugeuza dagaa juani tangu asubuhi si mafungo. Frateri ameombwa aamue, naye amesema tumpe wiki mbili asali kwanza.